Presha ya kupanda: mwongozo kamili wa kuishusha na kuishikilia hapo chini, kuanzia mashine ya kupimia mpaka vidonge

Nianze na kitu kimoja, ukikishika hiki mengine yote yatakuwa mepesi: presha haiumi. Haikwambii kitu. Mtu anaweza kutembea na 170 kwa 100 miaka mitano, anafanya kazi zake, anacheka, anabeba wajukuu, huku ndani mishipa inazidi kukakamaa, moyo unanenepa kwa kusukuma mzigo usio wake na figo zinachakaa kidogo kidogo bila kelele. Kwa hiyo humu hutaniona nikikwambia "ukijisikia vibaya meza dawa". Kujisikia sio kipimo, kipimo ni namba na namba inatoka kwenye mashine.

Mama yangu ndo alinifundisha hili, na alilipa yeye. Alianzishiwa dawa, baada ya miezi mitatu presha ikawa 128 kwa 80, akapewa hongera, akarudi nyumbani akaacha vidonge maana "si nimeshapona". Hakuna aliyemwelezea kwamba ile 128 ni kazi ya kidonge. Alikaa miezi minane hivi akiwa mzima kabisa machoni petu, halafu asubuhi moja nikamkuta amekaa kitandani anahangaika na vifungo vya gauni, mkono wa kulia haumtii, mdomo umeenda upande. Stroku, yaani kiharusi. Alirudi, namshukuru Mungu, anaongea na anatembea, ila ule mkono mpaka leo hauwezi kukamua nguo. Haya yote nayaandika nikiwa na ule mkono kichwani.

Kwanza zielewe hizo namba

Namba ya juu ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa pale moyo unapojikaza kusukuma. Ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapolegea kati ya pigo na pigo. Zinahesabiwa kwa milimita za zebaki kwa sababu vipimo vya zamani vilikuwa na mrija wenye zebaki ndani, ikipanda unasoma imefika wapi.

Nzuri ni chini ya 120 kwa 80. Ukipimwa kliniki ukakuta 140 kwa 90 au zaidi, siku mbili tofauti, hiyo ni presha ya kupanda kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani. Ikivuka namba moja tu, ya juu au ya chini, inahesabika, sio lazima zote mbili. Kwa vipimo vya nyumbani mstari uko chini kidogo, 135 kwa 85, maana nyumbani umetulia. Marekani tangu 2017 wao wanaanza kuita presha kuanzia 130 kwa 80, kwa hiyo ukisoma huku na huku ukaona namba hazilingani usichanganyikiwe, ni mistari miwili ya wataalamu tofauti na wote wanakubaliana kwamba inavyozidi kupanda ndivyo hatari inavyoongezeka.

Na huko peke yako hauko. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 mpaka 79 wana presha, na karibu nusu yao hawajui.

Hatua ya kwanza: jifunze kupima, na upime vizuri

Hapa ntakaa sana maana naona ndipo watu wengi wanapoharibu. Mtu anapanda ngazi, anafika anahema, anakaa, mkanda unafungwa juu ya sweta, anaulizwa maswali huku mashine inajaa upepo, inatoka 158, anaandikiwa dawa. Au kinyume chake, anapuuzwa maana "ulikuwa na haraka tu". Yote mawili ni makosa.

Tafuta mashine ya kidijitali ya kufunga mkono wa juu, ule juu ya kiwiko. Za kwenye kifundo cha mkono zinadanganya kirahisi, ukiinamisha mkono kidogo tu namba inabadilika. Halafu angalia mkanda, na hiki kitu hakisemwi vya kutosha: mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene unaongeza namba, unaweza kuitwa mgonjwa kumbe mkanda ndo umekubana. Pima mzunguko wa mkono wako katikati ya bega na kiwiko kwa futi ya fundi cherehani, kisha linganisha na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda.

Siku ya kupima, nusu saa kabla usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza, kibofu kilichojaa kinapandisha presha. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, usikunje nne. Mkono uwe wazi bila nguo na ulale juu ya meza, mkanda uwe usawa wa moyo, mkono ukining'inia namba inapanda. Kaa hivyo dakika tano kimya, simu iweke mbali. Ndipo ubonyeze, na wakati mashine inafanya kazi usiongee hata neno moja. Subiri dakika moja, rudia. Andika zote mbili.

Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote, kisha endelea na ule uliotoa namba kubwa. Ukiona tofauti kati ya mikono imezidi 10 au 15 na inajirudia, mwambie daktari, kuna mishipa ya kuangaliwa hapo.

Ratiba ni hii: siku saba, asubuhi mara mbili kabla ya kumeza dawa na kabla ya chai, jioni mara mbili. Siku ya kwanza uitupe, maana mtu anakuwa na wasiwasi na kile kitu kipya. Zilizobaki zijumlishe upate wastani, huo wastani ndo presha yako. Sio ile moja kubwa iliyokutisha usiku, na sio ile moja nzuri uliyoipenda.

Daftari la mama lina safu nne tu, tarehe, saa, namba, na maelezo. Kwenye maelezo ameandika vitu kama "sikulala", "nimegombana na fundi", "nimesahau dawa jana". Kuna ukurasa mmoja namba zote za jioni ziko juu na za asubuhi ziko chini, daktari aliuona akauliza kidonge anameza saa ngapi na kama ni cha saa 24 kweli. Kumbe kilikuwa cha kumeza mara mbili na yeye anameza mara moja. Hilo lisingeonekana kwa kipimo kimoja cha kliniki hata siku moja.

Kupima nyumbani kunakamata pia watu wa aina mbili: wanaopanda wakimuona daktari tu ila nyumbani wako sawa, na wale wa hatari zaidi ambao kliniki wako vizuri ila nyumbani na kazini wako juu.

Hatua ya pili: jua umesimama wapi kabla ya dawa

Ukithibitika una presha kuna vipimo vichache vya msingi: damu kuangalia figo, potasiamu na sodiamu, sukari, kolesteroli, mkojo kuangalia kama kuna protini inayovuja, na kipimo cha umeme wa moyo. Vipimo hivi vinaonyesha kama presha imeshaanza kuharibu viungo vya ndani na vinamsaidia daktari kuchagua dawa. Ila kama namba ziko juu sana dawa inaanza wakati vipimo vinasubiriwa, usikubali kukaa mwezi mzima na 175 eti majibu hayajatoka.

Wengi presha yao haina chanzo kimoja, ni umri, ukoo, uzito, chumvi, vyote vimechanganyika. Wachache wana chanzo kinachotafutika: ugonjwa wa figo, mshipa wa figo uliopungua upana, tezi zilizo juu ya figo zinazotoa homoni kupita kiasi, au kukoroma sana na kukata pumzi usingizini. Ukipata presha kubwa ukiwa kijana, au umefika dawa tatu na bado iko juu, uliza wazi: "Daktari, tumetafuta chanzo?"

Na kabla hujaongezewa dozi mwaga mezani kila unachomeza. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zinapandisha presha na kuzuia dawa za presha kufanya kazi, na watu wanazimeza kila siku kwa ajili ya mgongo na magoti bila kuzihesabu kama dawa. Dawa za kufungua pua za mafua nazo, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, dawa za steroidi. Mtu anaongezewa vidonge vya presha kila mwezi kumbe mkono mwingine unameza kinachoipandisha.

Hatua ya tatu: maisha ya kila siku

Hii ntaisema bila kuzunguka, mabadiliko ya maisha sio mapambo, ni tiba. Kwa mtu ambaye presha yake imepanda kidogo tu, 140 na kitu, yanaweza kumtosha. Kwa aliye juu zaidi yanaifanya dawa ifanye kazi vizuri na dozi isipande. Ila hayachukui nafasi ya dawa kwa mtu mwenye 170, hapo vyote viwili vinaanza siku moja.

Kikubwa ni chumvi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na hicho ni pamoja na iliyojificha ndani ya chakula. Hiyo iliyojificha ndo inawashinda watu: mkate, soseji, jibini, supu za paketi, viungo vya unga, sosi ya soya, vitu vya kukaanga vya kwenye mifuko. Soma lebo. Ikiwa imeandikwa sodiamu zidisha kwa 2.5 upate chumvi, yaani sodiamu miligramu 600 ni chumvi gramu 1.5. Na kitu chenye chumvi zaidi ya gramu 1.5 kwa kila gramu 100 kihesabu kuwa kina chumvi nyingi.

Jikoni fanya hivi: toa kichupa cha chumvi mezani kabisa, weka chumvi mwisho wa kupika sio mwanzo, na iwe ya kupima na kijiko sio ya kumimina kwa mkono. Punguza robo, kaa wiki mbili, punguza tena. Mwanzoni chakula kitakuwa kama maji, nakubali, ila ulimi unazoea ndani ya wiki kadhaa, halafu utashangaa ukila kwa watu unakuta chakula kinachoma. Ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, vinabeba ladha vizuri.

Kuna chumvi mbadala ambayo sehemu ya sodiamu imetolewa ikawekwa potasiamu. Utafiti mkubwa wa China uliotoka 2021 uliwapa watu wa vijijini chumvi ya aina hiyo, robo yake potasiamu, na stroku zikapungua. Kitu kizuri sana, lakini kama figo zako ni mbovu au unameza dawa zinazobakisha potasiamu mwilini (ntazitaja chini) usiiguse kabla ya kuuliza, potasiamu ikizidi inasimamisha moyo.

Chakula chenyewe kwa ujumla: mboga za majani, matunda, kunde na maharage, nafaka zisizokobolewa, samaki, maziwa yasiyo na mafuta mengi, karanga zisizo na chumvi, na kupunguza nyama nyekundu, mafuta magumu na sukari. Mwaka 1997 ulitoka utafiti wa Marekani wa mlo wa namna hii, na kwa watu wenye presha namba ya juu ilishuka kwa zaidi ya 10, bila hata kupungua uzito. Hiyo ni nguvu ya kidonge kizima.

Uzito: kila kilo inayotoka namba ya juu inashuka kwa kama 1. Usifikirie kilo ishirini, fikiria tano.

Mazoezi ni angalau dakika 150 kwa wiki za kitu kinachokuhemesha kiasi cha kuweza kuongea ila huwezi kuimba. Kutembea haraka nusu saa siku tano inatosha. Gawanya dakika kumi kumi kama huna muda, mwili hauhesabu risiti. Kama presha yako iko 180 au zaidi subiri ishuke kwanza ndo uanze mazoezi makali, na usinyanyue vitu vizito huku umebana pumzi.

Pombe inapandisha presha moja kwa moja, na anayekunywa sana akipunguza inashuka ndani ya wiki chache, hapa sina la kuongeza. Sigara inaipandisha kwa muda kila unapovuta, ila ubaya wake mkubwa ni kwamba inaharibu mishipa ileile ambayo presha inaiharibu. Usingizi nao: mtu anayekoroma, anashtuka usiku na kusinzia mchana achunguzwe.

Kuhusu vitunguu saumu, juisi ya biitiruti, chai ya rosela. Baadhi vinashusha kidogo, sikatai, kunywa kama unapenda. Shida inaanza pale mtu anapoambiwa aache vidonge anywe juisi. Mama aliambiwa hivyo na watu wanaompenda kweli.

Hatua ya nne: dawa, na kila moja inafanya nini

Tarehe 12 Aprili 1945 rais wa Marekani Franklin Roosevelt alifariki kwa damu kuvuja kwenye ubongo, presha yake ilikuwa juu miaka kadhaa na madaktari wake hawakuwa na kidonge cha maana cha kumpa. Rais! Kidonge cha kwanza cha kupunguza maji cha kundi la tiazidi kilikuja 1958. Nalitaja hili kwa sababu leo tuna vidonge ambavyo yeye hakuwa navyo, halafu tunavisahau kwenye droo.

Dawa kwa kawaida inaanza ukithibitika 140 kwa 90 au zaidi, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo inaanza mapema, namba ya juu ikiwa 130 kwenda juu. Mwenye kisukari, figo mbovu au hatari kubwa ya moyo naye anafikiriwa kuanzia hapo. Makundi makuu ya kuanzia ni haya, na kuna siri ya kuyajua kwa kusoma mwisho wa jina kwenye boksi.

Vizuia kalsiamu, majina yanaishia na "dipine", mfano amlodipini na nifedipini ya kutoka taratibu. Zinalegeza misuli ya mishipa ipanuke. Shida yake inayojulikana ni kuvimba vifundo vya miguu, hasa dozi ya amlodipini ikifika miligramu 10, na wakati mwingine uso kuwaka moto na kichwa kuuma siku za mwanzo. Kile kiuvimbe hakitokani na moyo kushindwa wala figo, na kidonge cha kupunguza maji hakikitoi vizuri. Kinachosaidia ni kushusha dozi au kuongeza dawa ya kundi linalofuata hapa chini.

Zinazoishia na "pril", kama enalaprili, lisinoprili, ramiprili, na binamu zao zinazoishia na "sartan", kama losartani, telmisartani, valsartani. Zote zinazuia homoni moja inayobana mishipa. Ni nzuri sana kwa mwenye kisukari chenye protini kwenye mkojo, au moyo uliochoka. Za "pril" zinaleta kikohozi kikavu kwa mtu mmoja kati ya kumi hivi, kikohozi cha kukereketa kisicho na makohozi, na watu wanatibiwa kifua miezi mingi kumbe ni kidonge. Ukikipata omba kubadilishiwa kwenda "sartan", kinaondoka ndani ya wiki chache. Mara chache sana zinavimbisha midomo, ulimi na koo, hiyo ni dharura, kimbia hospitali na usiimeze tena maishani. Hizi ni baadhi ya zile zinazobakisha potasiamu nilizosema. Damu ipimwe kuangalia figo na potasiamu wiki moja mpaka nne baada ya kuanza. "Pril" na "sartan" hazimezwi pamoja, na mjamzito haruhusiwi kabisa, zinaharibu figo za mtoto.

Za kupunguza maji na chumvi: haidroklorotiazidi, indapamidi, klorthalidoni. Meza asubuhi, sio usiku, la sivyo utaamka kila saa. Zinaweza kushusha potasiamu na sodiamu, kupandisha asidi ya yuriki (mwenye gauti, yaani jongo, aseme mapema) na sukari kidogo.

Za "olol", atenololi, bisoprololi, na ndugu yao karvediloli, zinapunguza kasi ya moyo. Siku hizi sio za kuanzia kwa presha ya kawaida, zinapewa wenye moyo uliochoka, waliopata shambulio la moyo, au mapigo ya ovyo. Mwenye pumu aseme. Na usiziache ghafla hata kidogo, moyo unaweza kurukwa na mapigo na kifua kubana.

Kwa watu wenye asili ya Afrika, ukianza na dawa moja tu, kizuia kalsiamu au cha kupunguza maji kinashusha vizuri kuliko "pril" peke yake. Mwaka 2019 ulitoka utafiti uliofanyika kwenye nchi sita za Afrika ukaonyesha kwamba amlodipini ikichanganywa na dawa ya pili, iwe ya kupunguza maji au ya jamii ya "pril", ilishusha presha zaidi kuliko mchanganyiko usio na amlodipini. Kama una figo au moyo wenye shida daktari anaweza kukupa "pril" na ikawa sahihi kabisa, usigombane naye kwa sababu ya aya hii, muulize sababu.

Watu wengi wanaogopa wakiandikiwa dawa mbili, wanaona ugonjwa umekuwa mkubwa. Hapana. Dozi ndogo ya dawa mbili inashusha presha zaidi kuliko kuongeza maradufu dozi ya dawa moja, na madhara yanakuwa machache. Zikiwa kwenye kidonge kimoja ndo bora kabisa, kuna kitu kimoja tu cha kukumbuka.

Na usihukumu dawa siku ya tatu. Ipe wiki mbili mpaka nne. Rudi kliniki kila mwezi mpaka ufike kwenye lengo, baada ya hapo kila miezi mitatu mpaka sita. Lengo ni chini ya 140 kwa 90 kwa kila mtu, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au figo namba ya juu ishuke chini ya 130. Mzee dhaifu anayepata kizunguzungu akisimama lengo lake linalegezwa, na apimwe akiwa amesimama pia. Dawa tatu zikiwa kwenye dozi kamili, moja ikiwa ya kupunguza maji, na bado namba ziko juu, na kweli unazimeza, ya nne inayoongezwa mara nyingi ni spironolaktoni.

Hatua ya tano: kumeza kila siku, hapa ndo vita yenyewe

Muda wa kumeza, asubuhi au usiku, hauna tofauti kwenye kuzuia stroku na moyo, hilo lilipimwa Uingereza na matokeo yakatoka 2022. Chagua saa ambayo hutasahau. Funga kidonge kwenye kitu unachofanya tayari kila siku, mfano mswaki. Kiboksi chenye vyumba saba vya siku za wiki kinaondoa lile swali la "hivi leo nimemeza?" maana chumba kikiwa tupu umemeza.

Umesahau? Ukikumbuka siku hiyohiyo meza. Karibu na muda wa kesho, acha, endelea na cha kesho. Usimeze viwili kufidia. Zikibaki za wiki moja ndo unakwenda kuchukua nyingine, sio zikiisha. Ukitapika au kuharisha sana huku unameza za kupunguza maji au za "pril" na "sartan", piga simu kliniki siku hiyo maana mwili ukikauka figo zinaumia na huenda ukaambiwa uzisimamishe kwa muda.

Wanaume wengi wanaacha dawa kimya kimya kwa sababu ya nguvu za kiume, na hawasemi kwa aibu. Ndugu yangu sema. Presha yenyewe inaharibu hiyo mishipa, na baadhi ya dawa kama za "olol" za zamani na za kupunguza maji zinachangia, ila zipo nyingine zisizo na shida hiyo na kubadilisha ni jambo la dakika tano.

Namba ikiwa kubwa ghafla

Mashine ikitoa 180 kwa 120 au zaidi, kaa utulie dakika tano, rudia. Ikibaki hapo na una mojawapo ya haya: kifua kinauma, pumzi inakata, uso umeenda upande, mkono au mguu umelegea, maneno hayatoki, macho hayaoni vizuri, kichwa kinapasuka kwa ghafla, umechanganyikiwa, hiyo ni dharura, hospitali sasa hivi, na dalili za stroku hazisubiri namba, hata mashine ikisema 130 nenda. Kama namba iko pale ila huna dalili yoyote wasiliana na daktari siku hiyohiyo, mara nyingi ni dawa kuanzishwa au kurudishwa na presha kushushwa taratibu kwa siku kadhaa. Usikubali kupasuliwa kapsuli ya nifedipini chini ya ulimi, presha inaporomoka kwa mkupuo na ubongo unakosa damu.

Mjamzito mwenye 140 kwa 90 aende kliniki siku hiyo, asisubiri miadi. Dawa zake ni nyingine, methildopa, labetaloli, nifedipini ya kutoka taratibu. Akiwa na 160 kwa 110, au kichwa kinauma, macho yanaona vimulimuli, au juu ya tumbo panauma, ni dharura.

Swali la mwisho: nitameza mpaka lini?

Kwa wengi ni maisha yote, na kusema vingine ni kuwadanganya. Ila dozi inaweza kupungua. Kama umepungua uzito kweli, chumvi umeishusha, unatembea, na daftari linaonyesha mwaka mzima uko chini ya lengo, peleka hilo daftari mezani uombe kujaribu kupunguza. Daktari atoe kimoja au ashushe dozi moja, nyingine zibaki kama zilivyo. Wewe rudi kwenye kupima asubuhi na jioni wiki nne mfululizo, kwa kiti kilekile na mkono uleule, na wastani ukivuka tena 135 kwa 85 kidonge kinarudi.